UJIRA KWANZA, KISHA MKONO WA IDI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Kibiti na wa visiwa vya Delta, tangu Nyamisati hata Mbwera na Kiongoroni, jueni ya kwamba kumpa mfanya kazi mkono wa Idi ni desturi njema, na mwenye kuitenda kwa ajili ya Mungu hupata thawabu. Walakin desturi hii imeingiwa na taka, na yatupasa tuisafishe. Wako matajiri wauzuiao ujira wa vibarua wao Ramadhani nzima, na Idi ikikaribia huwagawia kilo chache za mchele na doti ya kanga, wakasifiwa kwa ukarimu. Mtu huyo amelivika deni kanzu ya sadaka. Basi na tubainishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: ujira, zaka, na mkono wa Idi.

Jambo la kwanza ni ujira. Huu ni haki ya aliyefanya kazi, wala hauna shukrani ndani yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza tumlipe mtu kabla jasho lake halijakauka. Na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake. Fikirini, enyi wenye mashua za kamba na mashamba ya korosho: ni nani atakayeshinda kesi ambayo hasimu wake ndiye Hakimu?

Na katika kitabu hicho hicho mna kisa cha watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni. Mmoja wao alikuwa amemwajiri mtu kwa faraki moja ya mpunga, nayo ni pishi tatu. Yule kibarua akaenda zake, asiuchukue ujira. Tajiri hakuula, aliupanda, akavuna, akaupanda tena, hata faida yake ikawa kundi la ng'ombe na mchungaji wao. Siku mwenyewe alipokuja kudai, akaonyeshwa kundi lile, akaambiwa alichukue. Akadhani anafanyiwa mzaha. Kwa amali hiyo mtu yule aliomba pangoni, na jabali likaondoka. Sisi tulimao mpunga katika matope ya Rufiji twakielewa kisa hiki upesi. Wako wanazuoni waliosema ya kuwa ile ziada ilikuwa hisani yake tu. Lakini hisani ile ilisimama juu ya haki iliyokwisha kuhifadhiwa.

Serikali nayo, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, imeamrisha ya kwamba mwajiriwa afanyaye kazi siku kuu ya taifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, na Idi ni katika siku hizo. Hayo pia ni haki, yasiitwe bakhshishi.

Jambo la pili ni zaka. Zaka ya Fitri ni pishi moja ya chakula kikuu cha mji, nacho kwetu ni mchele. Mtu hujitolea nafsi yake na wale ambao ni wajibu wake kuwalisha. Kibarua si miongoni mwao. Hujitolea mwenyewe akiwa na kilichozidi chakula cha usiku na mchana wa Idi. Basi amcheleweshaye ujira hata Idi ikapita, huenda amemzuilia mwenziwe ibada yake. Akitaka kumtolea, na amwombe idhini kwanza. Na kibarua aliye maskini yafaa apewe zaka ya tajiri wake, kwa sharti isihesabiwe katika ujira. Hata kumsamehe deni la dukani kwa nia ya zaka hakutoshi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi. Tena zaka ya mali hutolewa mahali mali ilipo mwaka utimiapo. Mwenye duka lake Bungu, naye akaa Dar es Salaam, maskini wa Bungu ndio wenye haki katika mali ile.

Jambo la tatu ni mkono wa Idi, nao ni hadiya. Hapa mlango ni mpana: apewe Mwislamu na asiye Mwislamu, kwani Suratul-Mumtahina haikutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita. Utolewe mapema, ili nguo za watoto zipate kushonwa. Wala usisimangwe, maana Suratul-Baqara imetuonya ya kuwa masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Siku hizi wako wampigao picha maskini ameshika mfuko wa mchele, kisha wakaieneza katika simu. Hayo ni masimango yasiyo na sauti.

Mwaikumbuka Aprili ya 2024: Idi ya Mfunguo Mosi ilikuwa tarehe 10, na mafuriko yalikuwa yamezamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti. Katika siku kama zile, mwenye ujira wake mkononi hununua unga akawalisha wanawe kwa heshima. Na yule ambaye ujira wake umo sandukuni mwa tajiri husimama mlangoni kama mwombaji, akiomba kilicho chake.

Basi, enyi matajiri, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, fungueni madaftari. Lipeni ujira wote. Kisha toeni zaka. Kisha nyosheni mkono wa Idi kwa kadiri ya uwezo, ijapokuwa ni kibaba kimoja. Nanyi wafanya kazi, jueni ya kuwa kazi ni amana, na saa iliyoibwa ni kama ujira ulioibwa.

Ewe Mola, zitakase mali zetu na dhulma, na uzikubali saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.