Ziwa Limepanda, Je, Masihi Yuko Njiani?

  



Tangu maji ya Tanganyika yalipopanda miaka ile ya 2020 na 2021, yakaingia majumbani kuanzia Gatumba hadi Rumonge, maneno ya Kiyama hayajaisha midomoni mwa watu wa pwani yetu. Sisi tuliokulia Magara tunayasikia sokoni, tunayasikia kwenye mitumbwi ya ndagala, na usiku tunayasikia kwenye vipaza sauti vya makanisa: Yesu anarudi, jiandaeni. Baadhi ya vijana wetu wa Kiislamu wanacheka. Mimi nasema, kabla hujacheka, jua kwanza unachokicheka.

Mwanafunzi mwenzangu, Mpentekoste, aliniuliza kama kitabu chetu kinamtaja Yesu kurudi. Nilipomwambia ndiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuna Mwislamu aliyewahi kumwambia. Kosa hilo si lake. Tumezoea kwenda kwa jirani na mabishano ya Biblia, tukasahau kumweleza tunachokiamini wenyewe.

Basi jirani anasema nini? Wakristo kwa jumla wanaamini kwamba Masihi alipaa mbinguni na atashuka kuwahukumu walio hai na waliokufa. Hapo ni pamoja. Baada ya hapo njia zinaachana. Wapentekoste wengi wanafundisha unyakuo: waumini watatwaliwa hewani kumlaki Bwana, na ulimwengu utabaki katika dhiki. Fundisho hilo kwa sura hiyo lilienezwa sana na John Nelson Darby katika karne ya 19. Wakatoliki hawalifundishi, wala hawaamini kwamba Yesu atatawala duniani miaka elfu kwa hesabu ya kalenda. Wasabato wanaiweka miaka hiyo elfu mbinguni, si duniani. Kwa hiyo mtu akikuambia "Wakristo wanasema," muulize ni Wakristo gani.

Na sisi? Suratuz-Zukhruf aya ya 61 inamtaja Nabii Issa (a.s.) kuwa ni alama ya Saa, kwa tafsiri ya wanazuoni wengi. Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 157, inakanusha kwamba alisulubiwa na inaeleza kuwa Allah alimnyanyua kwake. Katika Sahihi Muslim tunapata kwamba atashuka kwenye mnara mweupe mashariki ya Damascus, amwue Dajjal kwenye lango la Ludd, na aswali nyuma ya imamu wa umma huu. Atavunja msalaba na kuhukumu kwa uadilifu. Kisha atakufa kama wanavyokufa wanadamu, na Waislamu watamswalia. Hii ndiyo tofauti kubwa: wao wanamngoja Mungu, sisi tunamngoja mja na Mtume wa Mungu. Tofauti hiyo haipakwi sukari. Lakini anayengojwa ni mwana wa Maryam yule yule.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo la tarehe, maana hapo ndipo watu wanapoangamia. Injili ya Mathayo, sura ya 24, inasema siku ile haijulikani na yeyote, hata malaika, hata Mwana, ila Baba peke yake. (Wahadhiri wetu wanaipenda sana aya hii kwa kazi nyingine. Leo naichukua kwa kazi yake yenyewe.) Suratul-Aaraf aya ya 187 inasema vilevile: ujuzi wa Saa uko kwa Mola tu. Pamoja na hayo, wafuasi wa William Miller huko Marekani walimngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, na kukapambazuka kama kawaida. Waliofarijika wakajenga upya. Kanisa la Wasabato lilitoka humo. Kanungu, Uganda, hakukuwa na faraja. Kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliambiwa dunia inaisha mwaka unapoingia 2000. Watu walikuwa wameuza mali zao. Mwaka uliingia, dunia ikabaki, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Na Shakahola, Kenya, tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Inadaiwa waliambiwa wafunge chakula hadi wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie ameyakana mashtaka.

Usiseme hayo ni ya makafiri. Tarehe 20 Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka 1400 Hijria, Juhayman al-Otaybi na watu wake waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka wakidai Mahdi yuko nao, na damu ikamwagika Haram. Mwaka 1908 barua iliyosemwa imetoka Makka ilizunguka Lindi na kwingineko katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ikitangaza kwamba mwisho umekaribia. Barua ya namna hiyo bado inazunguka, siku hizi kwa WhatsApp, na wanaoisambaza ni sisi, tena baada ya swala ya Ijumaa!

Turudi ziwani. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi na mlango ukiwa mzito, maji yanapanda. Yalipanda hivyo katika karne ya 19 hadi Lukuga ikafunguka mwaka 1878 na ziwa likashuka. Hiyo ni qadari ya Allah na ni ishara ya uwezo wake, lakini si kalenda ya Kiyama. Aliyebomokewa na nyumba hapa pwani anahitaji mabati na mahali pa kulala, awe anaswali msikitini au anasali kanisani.

Bedui mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) Saa ni lini. Alijibiwa kwa swali: ameiandalia nini? Na katika Musnad ya Imamu Ahmad tumefundishwa kwamba Kiyama kikimkuta mmoja wetu na mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Watu wa Rumonge tunaishi kwa mawese, na mchikichi unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Msimu huu wa mvua miche ipo. Anayehitaji wa kumsaidia kuchimba mashimo Magara, aje Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri, na yule rafiki yangu Mpentekoste amesema atakuja na jembe lake.