Mukaba wa kartushi: nani atauliza hesabu?



Wengi wetu tukisikia neno desturi, tunafikiria ngoma, mahari na matanga. Leo ninataka kuongea juu ya kitu kidogo kilichokuwa kinatundikwa kwenye musumari mu nyumba ya baba yangu mudogo, karibu na Kasongo: mukaba wa ngozi wa kubebea kartushi.

Ulikuwa na upana wa vidole vine, na vitanzi 25 vilivyoshonwa kwa mukono. Kila kitanzi kilipokea kartushi moja ya kalibri 12. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kwa jasho. Pembeni palikuwa na ala ya kisu, kwa kuwa baba mudogo alikuwa Mwislamu, na kanga akianguka yungali hai, ni lazima achinjwe upesi.

Vitanzi vilikuwa 25, lakini sikuona hata siku moja akibeba kartushi zaidi ya sita. Bunduki haikuwa yake. Ilikuwa ya mufanya-biashara mumoja wa mujini, ambaye alitoa bunduki na kartushi, naye baba mudogo alitoa miguu, macho na subira. Nyama waligawana nusu kwa nusu. Kanuni yao ilikuwa fupi: kila kartushi inayotoka irudi na nyama, ao irudi nzima. Ikikosa, ganda lake lirudi, na maneno yake yasemwe.

Swali langu njo hili: mutu akiwa peke yake mu pori, ana deni gani kwa yule asiyemuona?

*Kanga wa nne*

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Ilikuwa kiangazi, majani yamekwisha kuungua, na asubuhi kanga walikuwa wanaparua mu majivu wakitafuta mbegu na wadudu. Baba mudogo alipewa kartushi sita. Alipiga nne. Ya kwanza ilimupata mumoja. Ya pili ikakosa, sababu kanga walikimbia chini kabla ya kuruka. Ya tatu ikapata mumoja. Kwa ya ine alilala kifudifudi, akangoja vichwa viwili vikutane mu mustari mumoja, akapiga, na kanga wawili wakaanguka pamoja.

Tulikuwa basi na kanga wanne, maganda mane na kartushi mbili nzima. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na mwaka ule sikuwa na madaftari. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto, nikamwambia:

— Baba, tufiche kanga mumoja. Tutasema kartushi ine zimetoka, moja imekosa. Ni kweli, moja imekosa! Hatutasema bongo.

Alinyamaza mpaka tulipofika mutoni. Halafu akasema:

— Mutoto, umesema vizuri. Kila neno ni la kweli. Na bado tutakuwa wezi.

Kanga wanne walifika wote kwa mwenye bunduki, na maganda, na zile kartushi mbili. Yule bwana akahesabu, akachukua kanga wake wawili, akafunga mulango. Hakutoa asante wala zawadi. Mimi nikamaliza muhula nikiandika nyuma ya karatasi za zamani.

Nasema hivyo kusudi musomaji asifikiri kwamba hapa kuna hadithi ambamo mwema analipwa jioni. Hakulipwa.

*Wanaopinga*

Watu wawili watanipinga. Wa kwanza atasema: « Mwalimu, hiyo si adili, ni umaskini. Alihesabu sababu kartushi ni bei kali. » Namujibu: umaskini unafanya mutu ahesabu wakati wa kwenda. Kuhesabu wakati wa kurudi, pale ambapo hesabu inakupotezea kanga, hakutoki kwa umaskini. Kama ungekuwa umaskini tu unaosema, ungesema paka lile nililosema mimi.

Tena uchache wa kartushi ulifundisha kazi yenyewe. Risasi ndogo za kupigia ndege zinatawanyika. Zikipita metre 40 hivi, zinajeruhi kuliko kuua, na ndege anakwenda kufa bure mu majani. Mwenye kartushi sita anatambaa mpaka karibu, na anaangalia ni ndege gani. Mwenye mukaba uliojaa anajaribu tu. Na mu misitu ya Maniema yetu anaishi tausi wa Kongo, ndege ambaye mutaalamu James Chapin alimutambulisha kwa ulimwengu mu 1936, na ambaye sheria inamulinda. Risasi ikishatoka, kumutambua ni kuchelewa.

Mupinzani wa pili ana nguvu zaidi. Atasema: « Mugawo wenyewe haukuwa wa haki. Tajiri alilala mu kitanda, mwindaji akakanyaga nyoka, na bado nusu kwa nusu! Kumuficha kanga ni kurudisha haki yake. » Maneno haya yananigusa, kwa sababu mimi pia niliona ule mugawo ni mubaya. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka mwingine baba mudogo alimwambia yule bwana mbele ya watu: « Kartushi moja ikiangusha wawili, wa pili ni wa akili yangu, si wa kartushi yako. » Yule bwana akakubali, na tangu pale kanga wa ziada akawa wa mwindaji. Kwa nini alikubali? Kwa sababu hakuwa na ganda hata moja la kumushitaki nalo. Mwenye kuficha kanga anapata kanga mumoja, halafu anapoteza kinywa chake.

*Pete na pori*

Wagiriki wa zamani walijua swali hili. Plato, mu kitabu chake juu ya jamhuri, anataja muchungaji Gyges aliyepata pete ya kumufanya asionekane, naye akaitumia kwa kumuua mufalme na kutwaa ufalme. Je, kuna mutu atakayebaki mwema akiwa na pete kama ile? Wazee wetu hawakuwa na lazima ya pete. Walikuwa na pori.

Historia yetu ya Kasongo nayo inajua bunduki na ndege. Hamed bin Muhammed, aliyefanya Kasongo kuwa muji wake mukubwa, tunamujua kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jina lilitoka kwa sauti ya bunduki zake. Wengine walisema ni la ndege mwenye kupepesa macho, kama alivyopepesa yeye. Bunduki zile hakuna aliyeziuliza hesabu. Na wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, tuliona vijana wetu wamevaa mikaba ya risasi kifuani, wamepishanisha miwili, vitanzi vyote vimejaa. Ukitazama kwa macho, mikaba ile inafanana na wa baba mudogo. Tofauti ni moja: jioni hapakuwa na mutu wa kuuliza, « Hii imekwenda wapi? »

Njo pale nilipofahamu kwamba mukaba haupimwi kwa wingi wa vitanzi. Unapimwa kwa yule unayemurudishia maganda.

*Ngozi na shaba*

Nimalizie na jambo la ufundi. Kila jioni baba mudogo alitoa kartushi mu mukaba, akazitia mu mukebe mukavu. Nilimuuliza sababu. Akanionyesha kartushi moja ya zamani iliyosahauliwa mu ngozi: kitako chake cha shaba kilikuwa kimefanya kutu ya kijani, hata haikuingia tena mu bunduki. Dawa ya kulainishia ngozi inakula shaba pole pole. Sisi tunasema akiba haiozi. Kartushi mu mukaba inaoza. Mukaba ni wa kubeba, si wa kuweka.

Ndivyo ilivyo pia kwa kila kitu tunachobebeshwa kwa ajili ya wengine: feza ya wazazi mu mukono wa mwalimu, muhuri mu mukono wa shefu, sanduku la chama mu mukono wa mutunza-feza. Kikibaki siku nyingi bila kuhesabiwa, kinafanya kijani.

Leo, kila mwisho wa muhula, ninasoma mbele ya wazazi hesabu ya feza za chaki na karatasi, hata zile franka kidogo zilizobaki. Wenzangu wengine wanacheka. Nami ninakumbuka kanga wa nne, na ninaendelea kuhesabu.