Umehesabu Wangapi?

Novemba ikifika ukingoni, mke wangu hulishusha kauntabuku la kwaya mbili kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaniuliza swali lile lile la kila mwaka: "Baba watoto, umehesabu wangapi?" Haniulizi tuna shilingi ngapi. Hilo analijua kuliko mimi, maana hela ya sikukuu nyumbani kwetu hutoka kwenye mchezo anaoucheza na wenzake kumi na mmoja kazini, na zamu ya kupokea Novemba huanza kuigombea tangu Januari. Anachotaka kujua ni idadi ya watoto. Hapo ndipo ninapoanza kujikuna kichwa.

Asiyekuwa na ndugu wengi atashangaa ugumu uko wapi. Mna watoto watatu, si mnunue za watatu? Mtu huyo aje tupande naye Marangu tarehe 22 Desemba, aone watatu wanavyoweza kugeuka tisa kabla begi halijafunguliwa. Wapo wa kaka. Miaka mingine yupo wa dada, aliyetangulizwa kwa basi la juzi. Miaka mingine huwepo pia binamu mmoja ambaye kwa umri ni mtoto lakini sauti imeshakuwa ya baba mdogo. Huyo ukimpa gari la plastiki ataona umemtukana. Na yupo wa jirani, anayepenya kwenye ua wa masale kila asubuhi kwa sababu anajua saa yetu ya chai.

Sisi watu wa Kilimanjaro tunataniwa nchi nzima kwamba Desemba huwa "tunakwenda kuhesabiwa". Mabasi ya Moshi na Rombo hujaa mpaka LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine yaje kusaidia, na wanaobaki Dar es Salaam huchekelea kwamba foleni imepungua. Nami hucheka nao. Lakini mwenye watoto anajua kwamba utani ule una ukweli ndani yake. Mtoto anapandishwa mlimani ahesabiwe, na kinachomwonyesha kwamba amehesabiwa ni nguo mpya.

Nguo ndiyo zawadi pekee ya Krismasi niliyoijua utotoni. Baba alikuwa na kahawa kihambani, chini ya migomba, na bajeti yetu ya sikukuu ilipangwa na watu wasiojua hata kama tupo duniani. Julai 1989 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilishindwa kukubaliana juu ya mgawo wa mauzo, mkataba wao wa kimataifa ukabaki jina tu, bei ikaporomoka. Nilikuwa na miaka minane. Mimi nilichokielewa ni kwamba Desemba ile hatukupelekwa kwa fundi cherehani kupimwa. Miaka mitano baadaye, katikati ya 1994, jalidi ikaunguza mibuni ya Brazil na bei ikapaa. Msimu huo huo wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kushuka vijijini kushindana na vyama vya ushirika. Krismasi ya mwaka ule tulivaa viatu. Vilikuwa vikubwa, vya kukulia, mbele vimeshindiliwa karatasi, na vilitutoa malengelenge kabla hatujafika kanisani. Mpaka leo nikisikia redioni habari za hali ya hewa ya Brazil, miguu hunikumbusha.

Mama hakuwahi kuwa na daftari. Kama kulikuwa na hela, alinunua kitambaa kutoka jora moja na kukipeleka kwa fundi mapema Novemba, maana baada ya hapo fundi humpati hata kwa dawa. Tukatoka wote na shati la rangi moja kama wanakwaya. Kama hela haikuwepo, tulifua za zamani tukazipiga pasi ya mkaa. Hapakuwa na maelezo katikati.

Sisi wa mshahara hatuna jalidi wala mgawo wa kusingizia. Tuna Januari. Mshahara wa Desemba hutoka mapema kwa ajili ya sikukuu, kisha huna kitu mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, na katikati hapo shule zinafunguliwa. Shule za msingi za serikali hazidai ada, lakini sare, begi, madaftari na soksi nyeupe havijawahi kufutwa na waraka wowote. Ndiyo maana wazazi tunabuni hila. Mwaka mmoja tulimfungia binti yetu wa miaka saba viatu vyeusi vya shule kwenye karatasi yenye nyota tukaviita zawadi. Alivitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Hivi ni vya mwalimu." Tangu siku ile vitu vya Januari vina ukurasa wao kwenye daftari, na havifungwi karatasi.

Sasa nieleze mwaka 2019, maana ndio ulionifanya niliogope swali la mke wangu.

Mwaka ule nilijiona nimekomaa. Nilitenga laki moja na elfu themanini kwa ajili ya watoto, nikaandika majina: wetu watatu, wa kaka wawili. Nguo, elfu ishirini na tano kila mmoja. Midoli na magari ya plastiki, elfu tatu tatu. Elfu arobaini iliyobaki nikaiita dharura. Nikaingia Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ambako wiki za mwisho za Desemba mtu hatembei, anabebwa na umati. Kijana aliyetandika nguo zake chini akanipatia saizi zote tano, mashati na suruali na magauni, akataja laki moja na ishirini na tano. Halafu akasema, "Bosi, chukua sita nikufanyie bei ya jumla. Laki na thelathini zote, changanya saizi unavyotaka."

Nikamwambia, "Wa sita nitamtoa wapi?" Nikalipa za watano na kuondoka kifua mbele, kama mtu aliyeokoa elfu tano.

Dharura iliishia Korogwe. Basi liliposimama kwa chakula, watoto watatu waliona chipsi kuku wote kwa pamoja, na aliyewahi kusafiri na watoto hahitaji maelezo zaidi.

Jioni ya tarehe 24 kaka akaingia. Mwezi ule treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ilikuwa imerejea baada ya zaidi ya miaka ishirini, nauli yake nafuu kuliko ya basi, na kwa unafuu huo kaka alikuwa ameongeza mtu: mtoto wa kiume wa miaka sita, wa mdogo wake shemeji yangu. Mama wa mtoto alikuwa ameondoka Oktoba kwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Wangemwacha kwa nani?

Nguo za watoto tulikuwa tumeshazipanga kitandani kwa ajili ya asubuhi, mafungu matano. Yule mtoto alisimama mlangoni akiyatazama, midomo ikimchezacheza. Hakuuliza kitu. Akageuka akaenda kukaa jikoni kwa bibi, karibu na moto.

Nilimfuata mama huko huko nikaanza kujieleza. Kwamba hakuna aliyeniambia. Kwamba Memorial, soko la mitumba ambako ningepata kitu cha haraka, liko Moshi mjini, na saa zile ni saa tatu usiku. Kwamba duka la jirani lina sabuni, chumvi na vocha. "Mama, bajeti imeisha," nikasema.

Mama aliendelea kumenya ndizi. "Huyu atavaa nini kesho?" ndilo jibu nililopewa.

Asubuhi alilimaliza jambo hilo mwenyewe. Alichukua fungu la mwanangu, aliyekuwa na miaka sita vilevile, akaligawa. Shati jipya akampa mwanangu. Suruali mpya, ya bluu, akamvalisha mgeni. Kila mmoja akaenda kanisani nusu mpya, nusu ya siku zote. Ningependa kuandika kwamba watoto hawakujali. Mwanangu alilia kutoka nyumbani mpaka kwenye geti la kanisa, kwa sababu suruali ile ilikuwa na mifuko ya zipu. Mgeni naye aliingiza mikono kwenye ile mifuko na hakuitoa ibada nzima, hata tuliposimama kuimba.

Mimi nilikuwa nimenuna kuliko mwanangu, na sababu yake ikinijia sasa naona haya. Kilio chake wala hakikuniumiza sana. Niliwaza watu wa usharika watasema nini: kijana anatoka Dar es Salaam, mwanawe kavaa suruali iliyopauka magotini. Kumbe sehemu kubwa ya ile laki na themanini niliitenga kwa ajili ya macho ya watu getini. Mtoto wa miaka sita hajui kusoma bei. Hesabu yake ni mafungu kitandani na watu chumbani.

Baada ya ibada tuliwapanga watoto mbele ya migomba tukawapiga picha. Kaka akaituma Maskati. Usiku ule yule mama alipiga simu, na kwa kuwa mtandao ulikuwa unakatika kaka aliweka spika. Alisalimia wote, akamsifu mwanawe kwa kunenepa. Kisha akasema, "Shemeji, hiyo suruali ya bluu ni ya nani? Mimi sikumwekea suruali ya bluu."

Alikuwa anaijua kila nguo aliyoikunja kwenye lile begi.

"Ya mwenzake," kaka akajibu. Simu ikakaa kimya, tukadhani imekatika tena. Akasema asante, akauliza kama mvua zimekwisha.

Desemba ya 2021 mtu aliyetoka Maskati alituletea mfuko. Ndani mlikuwa na fulana saba za aina moja, nyekundu, kila moja ina karatasi imebandikwa kwa pini. Tulikuwa tunajua watoto sita. Wa saba ilibidi tuitafute ile picha ya zamani kwenye simu, na hapo tukamwona: wa jirani, yule wa chai, amejipenyeza pembeni, uso nusu umekatwa na fremu. Yule mama hakuwahi kumwona kwa macho. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika tu "wa mwisho kulia".

Saizi alizikadiria vizuri kwa kila mtoto. Alikuwa amejumlisha miaka miwili iliyopita. Fulana ya mwanawe ndiyo peke yake iliyobana. Huyo alibaki kwake na miaka sita. Mtoto aliivaa hivyo hivyo siku tatu mfululizo, kitovu nje, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue.

Nikipita mbele ya maduka makubwa jijini wakati huu, nikaona pamba iliyotandazwa madirishani ijifanye theluji huku nje joto linatukaanga, huwa sina ugomvi nao. Wanauza, waache wauze. Theluji ya kweli iko Kibo, na wingu likiondoka asubuhi watoto wataiona bure. Ila wazazi wenzangu wanaponiomba makadirio, eti mtoto mmoja mdogo atengewe ngapi, elfu ishirini au hamsini, huwa nashindwa kuwajibu, kwa sababu sijawahi kumwona huyo mtoto mmoja. Kwetu hafiki peke yake.

Wiki iliyopita daftari lilishushwa. "Umehesabu wangapi?"

"Sita wetu," nikasema, "na wa jirani saba. Andika nane."

Kalamu ikasimama hewani. "Wa nane ni nani?"

Nikamwambia simjui. Akanitazama kidogo, akaandika "8", mbele yake akaacha mstari mtupu. Jumamosi nilirudi Mtaa wa Kongo. Yule kijana wa 2019 sikumwona, lakini wapo wengine wengi na bei wamezipandisha wote kwa pamoja. Tukapatana na mmoja wao. Nikamtajia saizi moja moja naye akizitupa kwenye mfuko mweusi mpaka zikafika saba.

"Na hii ya mwisho, bosi? Wa miaka mingapi?"

"Weka ya kukulia," nikamwambia.