Je, Ana Kosa Asiyesoma Uso?

Sisi watu wa pwani twasema mengi bila ya kufunua kinywa. Mgeni yuko barazani, sahani ya halua iko mbele yake, na mtoto ananyoosha mkono mara ya tatu. Mama humkata jicho tu, na mkono ukarudi. Huyo twamwita mtoto mwenye adabu. Asiyeurudisha je?

Nilikuwa na mwanafunzi chuoni, umri wake wapata miaka tisa, mwepesi wa kuhifadhi kuliko wenzake wote. Siku moja watoto walipiga kelele, nikakunja uso. Wote wakanyamaza ila yeye. Aliendelea kuniuliza juu ya shada ya neno moja, huku akitabasamu. Nikaona nadharauliwa, nikamchapa. Jioni mama yake akaja, akanambia kwa upole: "Maalim, mwanangu juzuu aisoma, uso hausomi. Ungemwambia tu."

Hali hiyo yaitwa usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 huko Marekani, katika habari za watoto 11 aliowachunguza. Mwaka 2002 Ami Klin na wenzake waliwaonyesha filamu vijana 15 wenye usonji, na kwa mtambo wa kufuata mboni wakaona kuwa aghlabu walitazama midomo ya wachezaji, hali vijana wengine walitazama macho. Basi hasira iliyo machoni ataijuaje atazamaye mdomo? Wala si wote walio sawa. Wako wazitambuao nyuso vizuri, na wako wasemao kuwa kutazamana macho kwa macho huwalemea. Hapa petu jambo hili hufichika, kwani mtoto ainamishaye macho mbele ya mkubwa twamsifu.

Lililonifikirisha zaidi ni neno la Damian Milton, mwanachuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kuwa kutofahamiana huku ni kwa pande mbili. Na kweli, uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa wasio na usonji nao hukosea katika kusoma nyuso za wenye usonji. Mimi nililiona tabasamu, nikalifasiri kuwa ni dharau. Siku ile aliyeshindwa kusoma ni nani?

Mafakihi hawamwajibishi mtu kwa amri isiyomfikia. Uso uliokunjwa ni amri kwa aijuaye lugha yake. Kwa asiyeijua ni ngozi iliyojikunja tu. Na yule aliyekunjiwa uso katika Surat Abasa alikuwa kipofu, hakuuona, na mawaidha yaliposhuka hayakumwelekea yeye.

Huenda msomaji akasema: yuko asiyejua, na yuko ajifanyaye hajui. Kweli, na wajanja chuoni hawakosi. Lakini njia ya kuwatenga ni nyepesi: sema kwa ulimi, maneno yaliyo wazi. Asiyejua atajua, na mjanja hatakuwa na pa kujificha. Tatizo ni kwamba sisi wazee twaona kusema "nimekasirika" kwatupunguzia haiba, ndipo fimbo ikawa nyepesi kuliko neno.

Kesho yake nilimtaka radhi yule mtoto mbele ya wenzake. Akaniuliza: "Sasa Maalim umefurahi au umehuzunika?" Nikamjibu, yote mawili. Akasema hilo si jibu moja, akarudi kwenye juzuu yake.