Kanzu ya Merikani

Kijana mmoja wa Kibati alirithi kanzu iliyokuwa sandukuni tangu enzi za babu wa babu yake, Mngwana wa Kasongo, huko Manyema. Watalii walikuwa bado wanaanzia Kibati kupanda mlima Nyiragongo, na mmoja wao, mpenzi wa nguo kuukuu, aliahidi kuja kuitazama kesho yake akishashuka. Simlaumu kijana kwa kutaka kuiuza. Pesa ya masomo haingoji.

“Shangazi, naifua, itoke hii rangi ya uzee.”

“Mwanangu, huo si uzee. Ilitoka dukani hivyo hivyo.”

Shangazi alijua alisemalo. Merikani halisi, kitambaa cha kanzu ile, haikupaushwa kiwandani. Pamba yake ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa Massachusetts, na wafanyabiashara wa Salem wakaileta Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said, mtawala wa Unguja. Wapagazi wakaibeba hadi Tabora, Ujiji na Manyema, ambako ilinunua pembe na ilinunua watu. Jasho la mtumwa wa kule likawa bei ya mtumwa wa huku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikausha pamba ya Marekani, vitambaa vya Uingereza na India vikashika soko. Kwa hiyo ule umanjano ndio uliokuwa ushahidi wa kanzu, pamoja na darizi ya hariri nyekundu shingoni, iliyoshonwa kwa mkono.

Kijana hakusikia. Akachota maji ya mvua pipani, maana Kibati mto hakuna, ardhi ya lava huyanywa yote. Akamimina javeli, dawa ya kupaushia nguo, bila kupima, akailoweka kanzu usiku kucha. Pamba huvumilia javeli kidogo, ingawa nyuzi hudhoofika. Hariri haivumilii: ni protini, na javeli huiyeyusha. Asubuhi kanzu ilikuwa nyeupe pe, na shingoni vimebaki vitundu vya sindano, mstari kwa mstari. Alipoikamua, bega likachanika.

Mtalii aliigeuza ndani nje, akapapasa vile vitundu, akauliza palikuwa na nini. Alipojibiwa, akaikunja vizuri, akairudisha, akaenda kununua kikapu kwa jirani.

Jioni kijana akakumbuka kofia ya yule babu.

“Shangazi, si uko nayo?”

“Niko nayo. Niletee kwanza hilo chupa la javeli, nilifungie sandukuni. Kofia tutaongea baadaye.”