Dhambi ya Mchana Kweupe

Hapa Joubert Park, Johannesburg, hata mtoto wa darasa la nne anajua kuunda jina la kashfa. Anachukua jina la mtu, la kijiji au la kitu, anabandika "gate" mwishoni, na wote wanaelewa kwamba kuna mkubwa kakutwa na kisicho chake. Travelgate, Guptagate, Nkandlagate, na juzi juzi Farmgate, ile ya dola 580,000 zilizofichwa ndani ya kochi shambani kwa Rais Ramaphosa. Mama wa majina haya yote ni Watergate, majengo ya Washington ambako Juni 1972 watu walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Rais Nixon alijiuzulu Agosti 1974. Wakenya nao wana Chickengate, kwa sababu kampuni ya uchapaji ya Uingereza, Smith & Ouzman, ilipowahonga maofisa wa uchaguzi, hongo ilikuwa ikiitwa "kuku".

Mchana nauza kava za simu karibu na stendi ya Noord. Jioni nasomesha Kurani watoto wa Kitanzania, wa Kimalawi na wa Kikongo kwenye chumba kimoja cha ghorofani. Jambo hili la majina linanisumbua kama mwalimu wa dini, na halinisumbui kwa sababu ambayo wengi wangeidhania. Kweli, Surat al-Hujurat inatukataza kuitana kwa lakabu mbaya. Lakini wanazuoni, Imam Nawawi akiwa mmoja wao, walieleza hali ambazo kumtaja mtu kwa uovu wake kunaruhusiwa, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa anayepeleka shauri lake kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Mwizi wa mali ya umma atajwe, tena kwa sauti. Linalonisumbua ni lile linalokosa jina.

Afrika Kusini ilianza mchezo huu mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waandishi wa Rand Daily Mail na wenzao waligundua kwamba Idara ya Habari, chini ya waziri Connie Mulder na katibu wake Eschel Rhoodie, ilikuwa ikitumia mamilioni ya randi kwa siri kuipamba serikali ya ubaguzi mbele ya dunia. Sehemu ya fedha hizo ilianzisha gazeti zima, The Citizen, ambalo lipo hadi leo. Novemba 1978 Jaji Anton Mostert aliuanika ushahidi hadharani. Watu wakaiita Muldergate. Mulder akaanguka, na Juni 1979 John Vorster, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1966 na sasa Rais wa nchi, akajiuzulu kwa aibu.

Hebu turudi nyuma kidogo. Juni 1976, Vorster akiwa Waziri Mkuu, polisi waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Hakujiuzulu. Septemba 1977 Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi. Hakujiuzulu; miezi michache baadaye chama chake kilishinda uchaguzi kwa kishindo. Kilichomwangusha ni fedha zilizofichwa. Kuua watoto hakukuwa siri, wala sheria ya vitambulisho vya kutembelea haikuwa siri: ilichapwa katika gazeti la serikali, ikasimamiwa na makarani waliolipwa mshahara, kwenye ofisi zenye saa za kufungua na kufunga.

Moja ya ofisi hizo ilikuwa namba 80 Albert Street, Marshalltown, mwendo wa miguu kutoka hapa nilipo. Mtu mweusi aliyetaka kufanya kazi Johannesburg alipanga foleni pale kusubiri muhuri. Ubaguzi ulipokwisha, jengo lilibaki mali ya Jiji. Likawa makazi ya wanawake na watoto wasio na pa kwenda, kisha likaachwa. Waliokosa kodi ya mahali pengine wakaingia: Wasauzi, Wamalawi, Watanzania wenzangu. Wakagawanya kumbi kwa mbao na mapazia. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023 likaungua. Walikufa watu wasiopungua 76.

Mtu mmoja alikuja kukiri kwamba yeye ndiye aliyewasha moto, na akafikishwa mahakamani. Lakini tume ya Jaji Sisi Khampepe, katika ripoti yake ya 2024, haikuishia kwake. Ilisema Jiji, mwenye jengo, lilijua hali ya pale tangu angalau 2019 na halikufanya kitu.

Baada ya maziko mtoto mmoja aliniuliza darasani, "Ustadhi, huu moto unaitwa nani gate?" Hakuwa na utani. Alijua majina ya kashfa zote kutoka kwenye runinga, na aliona ajabu kwamba hii kubwa, iliyomchukua mtu wa nyumba ya jirani yao, haina. Nikamwambia haina jina la namna hiyo. Akauliza kwa nini.

Nimelifikiria swali lake muda mrefu. Jina la "gate" linangoja ufichuzi. Sharti pawe na pazia, na mwandishi wa kulivuta. Albert Street hapakuwa na pazia. Wakaguzi walijua, madiwani walijua, sisi tuliokuwa tukienda kuwatembelea ndugu pale tulijua. Kosa lisilomshangaza mtu halina cha kufichuliwa, basi likaingizwa kwenye fungu jingine, fungu la ajali.

Na neno ajali likishasemwa, sisi watu wa dini tunamalizia wenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga. Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi, nilisikia msikitini kauli zile zile nilizosikia tena hapa Johannesburg: ni mipango ya Mungu, siku zao zilifika. Naamini kadari kwa moyo wote. Siku ya mtu ikifika imefika. Lakini kadari ya marehemu si kinga ya aliyeipakia meli, wala ya mwenye jengo. Husimuliwa kwamba Khalifa Umar alihofu Mola atamwuliza hata kwa mnyama aliyejikwaa Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Umar alikuwa Madina. Jiji la Johannesburg lilikuwa mitaa michache tu kutoka Albert Street.

Kuna hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, inayosema umma wake wote husamehewa isipokuwa wanaotangaza madhambi yao. Najua wanazuoni wanaieleza kwa mtu anayejisifia dhambi aliyositiriwa na Mwenyezi Mungu, nami naipeleka mbali zaidi. Hata hivyo, mizani yake naiona wazi: dhambi ya hadharani ni nzito kuliko ya siri, kwa sababu inawazoesha watu. Sisi tumeigeuza mizani. Tunamshtaki aliyeficha, na aliyetenda mchana kweupe tunampa muda.

Sidharau kazi ya waandishi. Nkandlagate ilifika Mahakama ya Katiba, na Machi 2016 majaji waliamua kwamba Rais Zuma alivunja katiba kwa kutozingatia agizo la Mlinzi wa Umma, Thuli Madonsela, la kurudisha sehemu ya fedha za umma zilizotumika kwenye makazi yake ya Nkandla. Katika fedha hizo, randi milioni 246, lilikuwamo bwawa la kuogelea ambalo wakubwa walilieleza taifa kuwa ni la kuzimia moto. Nilipokumbuka bwawa lile baada ya Albert Street nilikosa usingizi.

Mtoto yule nilimjibu hivi: anayejua, mwenye uwezo, na asitende, ameshatenda. Akaandika kwenye daftari lake. Kisha wenzake wakaanza kutaja, bila kuulizwa. Paa la jumba la sanaa hapo bustanini, lililofunguliwa 1915, linavuja mwaka hadi mwaka na magazeti yameandika. Ngazi za ghorofa lao hazina taa. Nyaya zinaning'inia juu ya mabomba. Mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo. Nikawauliza nani anajua habari za mnyororo huo. Wakasema wote: wazazi, mlinzi, mkusanya kodi, na yule bwana wa Jiji anayekuja na karatasi. Jumamosi tulikwenda na wazazi wawili kwa mkusanya kodi, tukamwomba ufunguo. Akasema hana, anao mwenye nyumba. Jina la mwenye nyumba tumelipata, na barua imeandikwa.