BARUA ZA WATU NI AMANA



Vijana wa Pumwani na Eastleigh wafanyao ukarani katika maofisi ya Nairobi wametuuliza: Je, yajuzu tajiri kuziweka barua pepe zote za wafanyakazi wake, na kuzisoma apendapo?

Twajibu kuwa kuweka ni jambo moja na kupekua ni jingine. Kuweka barua za biashara hapana ubaya. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, tuandike deni la muda, ili haki isipotee.

Lakini kupeleleza aibu za watu kumekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Tazameni mpango wa makatazo yake: dhana mbaya, kisha upelelezi, kisha kusengenya. Ndivyo iwavyo ofisini. Karani amwandikia mkewe habari ya maradhi au deni, msimamizi aisoma, na jioni imefika barazani. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa mtu mmoja alichungulia tunduni nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye akamkemea vikali, akabainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Na barua ya mtu ni mlango wake.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na haya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chalinda siri ya mawasiliano, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka akusanyaye habari za mtu amjulishe ni zipi na za kazi gani. Basi tajiri Mwislamu na atangaze mapema anachokiweka, kwa muda gani, na nani atakayekisoma. Asingoje kusukumwa na serikali katika jambo aliloamrishwa na dini yake.

Nanyi vijana, sanduku la tajiri si pahala pa mambo ya nyumbani, na saa mlizomwuzia ni zake. Wala msifiche hiana nyuma ya neno siri: mwizi akidhihirikiwa na dalili, kuchunguzwa kwake kwa uadilifu ni kulinda haki, si upelelezi uliokatazwa.

Tajiri na karani wote wana waandishi wao, Kiraman Katibin, wasioacha neno. Na tuogope daftari hilo.

Wabillahi tawfiq.